Winchi ya Tani Nane na Mgunga wa Lopur

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia waya wa winchi ukikaza. Na kazi yangu ndiyo hiyo, kufunga kwenye magari winchi, mashine ya kujivuta gari likikwama, kwa hiyo nausikia karibu kila juma. Mafundi wenzangu hapa gereji ya Kanamkemer wakiniona nimenyamaza na spana mkononi huambiana, "Mzee Erot ameenda Lopur." Wananitania, lakini hawajakosea. Huwa nimekwenda kweli, na kurudi kwangu huchukua muda.

Umeniuliza swali fupi. Gari lako ni foo-wili, linavuta kwa magurudumu yote manne, umepata kazi ya kupeleka bidhaa kati ya Lodwar na Kakuma, laga, mito yetu mikavu, ni nyingi, mchanga hauna huruma, na sasa unataka kujua ununue winchi ya nguvu kiasi gani. Ningeweza kukutajia nambari ukaenda zako. Lakini nambari hata mimi nilitajiwa, tena ilikuwa sahihi, na haikunifaa kitu. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa, ila mtu aweza kuuliza, akajibiwa vizuri, kisha akaenda kufanya lake. Mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo vuta hilo jerikeni ukalie, chai ipo.

Nilikuwa na umri kama wako, na pikapu ya kijani niliyoipenda kuliko nafsi yangu. Nilikuwa nachukua samaki wakavu Kalokol, napita nao hapa Lodwar, nawafikisha Kakuma. Kambi ilikuwa bado changa wakati ule, na wakimbizi waliotoka kusini mwa Sudan walikuwa wakiwaulizia samaki hao kabla sijazima injini. Jina langu Erot maana yake ni njia. Mama alinizaa njiani, watu wakihama na mifugo, nami nikadhani kwamba barabara zote za Turkana niliachiwa urithi. Ujana ni moshi, mwanangu, ukienda haurudi, lakini ukiwa ndani yake hauoni mbali.

Akiru nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye laga ya Lopur. Alikuwa ndani ya kisima cha mchangani, kile cha kuchimbwa kwa mikono mto ukikauka, akipandisha maji kwa karai. Nikasimamisha gari pale pale juu yake. Nikamsalimu, "Ejok?"

"Ejok-noi," aliitika bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Sogeza gari yako, inaangusha mchanga kwa maji."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia, na hata leo naweza kukuonyesha mahali nilipolisogeza gari. Juma lililofuata nilipita tena, nikaegesha mbali, nikashuka nikamsaidia kuvuta karai. Juma lililofuata vilevile. Alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo kwa nyuma ya mkono, na macho yakibaki wazi yanakutazama kama yanakupima. Nilimwambia apande gari nimpeleke hadi Kakuma akaone soko. Alikataa. "Nitapanda siku nitakuwa na haki ya kupanda," alisema. Nikaanza kukifuta vumbi kile kiti cha kushoto, cha abiria, kila asubuhi, mtu asiyekuwepo asije akachafua nguo.

Mama yake alikuwa mjane. Mume wake alimwachia mbuzi na kipande cha miti ukingoni mwa laga. Wewe umelelewa mjini, kwa hiyo nikueleze: kwetu miti ya ukingoni ina wenyewe. Kipande cha familia huitwa ekwar, na mgeni hakati tawi wala hatikisi maganda ya mbegu wanayokula mbuzi bila kumwambia mwenyewe. Mpita njia huona pori tu. Katikati ya ekwar ya Mama Akiru palikuwa na mgunga mmoja mkubwa, na ule mwaka wa ukame aliofiwa na mumewe, mgunga huo ndio ulioangusha maganda, mbuzi wakala, watoto wakapata maziwa. "Mti hii ilitulea baba alipoondoka," Akiru aliniambia siku moja, akiupapasa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia.

Sasa, laga ile ilikuwa ikinikwamisha kila safari. Nikiingia na mzigo, magurudumu yanazama, na mara Akiru na mama yake wanateremka na sepeto kunichimbua. Mama mkwe mtarajiwa akikuchimbua mchangani mara moja ni ukarimu. Akikuchimbua mara nne, wewe umekuwa kazi yake ya nyumbani. Niliona aibu, nikasema imetosha, nanunua winchi.

Nikaenda kwa Majok. Huyu alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini, fundi aliyefungua kibanda pembeni mwa kambi. Kwao aliwahi kuendesha malori mazito kwenye tope ambalo sisi huku hatulijui. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kanisani kila Jumapili, na alikuwa na tabia ya kukuuliza swali kisha akanyamaza mpaka ujibu.

"Gari yako ni uzito gani?" aliniuliza.

"Tani mbili." Ndivyo kibati cha mlangoni kilivyoandikwa.

"Hiyo ni gari tupu. Wewe hukwama ikiwa tupu?"

Sikuwahi kukwama nikiwa mtupu. Majok akaanza kuhesabu kwa vidole vyake virefu: samaki, mapipa ya maji, mafuta, watu wanaodandia juu. "Tatu," akasema. "Ongeza nusu yake, maana mchanga unavuta kwenda chini na wewe unavuta kwenda juu. Tani nne na nusu. Hiyo inatosha. Chukua na kapi moja ya kupitishia waya, mkanda wa kufunga mti, na sepeto. Khalas, basi."

"Mimi sitaki ya kutosha," nilimwambia. "Nataka ya kushinda."

"Kushinda nani?"

Niliaga nikaondoka. Nilipata winchi ya tani nane, iliyong'olewa kwenye gari kubwa la wachimba visima, na ili niipate nilitoa ngamia wawili ambao baba mdogo alikuwa ametenga kwa posa yangu. Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Alipolizunguka gari na kuiona ile winchi alisema tu, "Kumbe ngamia wetu umewafunga kwa bampa." Majok aliifunga shingo upande. Ilibidi aniongezee betri ya pili na kuimarisha bampa kwa vyuma, na alipomaliza pua ya gari ilikuwa imeinama kwa uzito. Alinipa mkanda wa mti bure. Niliutupa nyuma ya kiti.

Siku ya posa ikafika. Tulitoka Kakuma asubuhi, mimi, baba mdogo na wazee watatu, tumebeba tumbaku, sukari, majani ya chai na mablanketi. Wajomba wa Akiru nao walikuwa wamekwisha kufika Lopur na kukaa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na laga ilipitisha maji juzi yake, kwa hiyo ilikuwa kavu juu na tope chini. Katikati ya laga ile pua nzito ikazama. Tukakwama mita chache kutoka ukingo, mbele ya macho ya watu wote niliotaka wanione nikifika.

Wazee wakashuka, wakainua mashuka yao, wakavuka. Baba mdogo akanigeukia. "Twende kwa miguu. Posa haiendi kwa tairi. Gari utachimbua baadaye."

Alikuwa amenifungulia mlango, mwanangu, mimi nikaufunga mwenyewe. Nilikuwa na winchi ya tani nane iliyonigharimu ngamia wawili, halafu niende kwa miguu? Nikaufungua waya, nikauvuta hadi ukingoni, na mti uliokuwa karibu na mnene kuliko yote ulikuwa ule mgunga.

Akiru alikuwa amesimama pale juu. Alikuwa amevaa shanga zake zote, na mafuta yaking'aa shingoni. Aliinua mkono mmoja, kiganja kimeelekea kwangu. Nikifumba macho sasa hivi namwona na mkono wake bado uko juu.

"Usifunge hapo, Erot. Hujaambia mama."

"Ni dakika moja tu."

"Na mizizi ya upande hii imebebwa na maji. Angalia."

Sikuangalia mizizi. Nilimwangalia yeye. Nikazungusha waya kwenye gome, bila mkanda, nikarudi chini nikashika swichi.

Hapa nisikilize kama fundi. Winchi ya tani nne na nusu ingefika mwisho wa nguvu zake, ikazima, ikaniambia, bwana mkubwa, shuka uchimbe. Ya tani nane haikuwa na neno la kuniambia. Ilivuta tu. Ekseli ilikuwa imezikwa kwenye tope na gari halikutaka kuja, na winchi haikutaka kukoma, basi kilichobaki kuja ni mti. Nilisikia mlio ukitoka ardhini, mzito, wa mizizi ikikatika mmoja baada ya mwingine, na kwa sababu nilitaka sana yawe mambo mengine nilidhani ni gari linatoka. Mgunga ukainama taratibu, ukalala kwenye laga. Maganda mabichi yakamwagika hadi kwenye boneti yangu.

Mbuzi ndio waliotangulia kuja mbio, wakaanza kula yale maganda kwa furaha, hawakujua wanakula ya mwisho.

Mama Akiru aliteremka polepole. Alichuchumaa penye shimo, akaipapasa mizizi iliyokatika, kisha akaanza kuokota maganda na kuyatia kwenye nguo yake. Aliokota muda mrefu. Ningependa angenitukana. Mwishowe akasema, bila kunitazama:

"Erot, gari yako ni uzito gani?"

"Tani tatu, mama."

"Na hiyo chuma?"

"Inavuta tani nane."

"Na mti yangu?"

Nikalitazama lile shimo.

"Umepima yako yote," alisema. "Yule anakushikilia, hukupima."

Baba mdogo alijaribu kuniokoa, kama ilivyo desturi. Alisema tutalipa faini, tutaleta mbuzi kumi, hata ishirini, mama aseme mwenyewe. Mama Akiru akamtazama kwa upole kabisa. "Hao mbuzi mtaleta," akauliza, "watakula nini?"

Ndipo akatoa hukumu yake, na nakuomba uisikie vizuri. Alisema leo hatuzungumzi posa. Alisema wazee ni wageni wake, watalala pale na kula. Kisha akanigeukia. "Wewe, kesho asubuhi uje. Uje kwa miguu, mikono mitupu. Tutakaa hapa penye mti ilikuwa, tuongee." Akiru alikuwa amesimama nyuma yake, ameziba mdomo kwa nyuma ya mkono, lakini safari hii hakuwa anacheka.

Gari nilikuja kulitoa kwa sepeto, baada ya kupunguza upepo wa tairi na kushusha mzigo. Kazi ya saa moja. Winchi haikuhitajika.

Nililala Kakuma, kama usingizi ule waweza kuitwa kulala. Asubuhi nilijiambia nitaendesha hadi karibu na Lopur, kisha niliache gari niende kwa miguu. Nilipofika njia panda nikasimama. Aibu ilinijaa. Nilijiona nimekaa kwenye mchanga ule, mikono mitupu, mbele ya wajomba, pembeni mwa shimo nililolichimba mwenyewe. Nikasema moyoni, siwezi kwenda na maneno tu, jambo hili ni kubwa mno, nitarudi na kitu cha kulishinda. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilikimbia. Nikageuza gari kuelekea Lodwar.

Unaona kosa langu la pili lilivyofanana na la kwanza? Mimi sikuliona kwa miaka. Nilifanya kazi Kalokol misimu miwili mizima kama punda. Sikutuma hata salamu, kwa kuwa nilitaka kinachofuata kutoka kwangu kiwe kikubwa. Nilikusanya mbuzi, nikakusanya ngamia, nikapakia lori zima la majani ya mifugo ili nisiulizwe tena watakula nini. Nilipoingia Lopur na msafara wangu, shemeji ya Mama Akiru akanipokea kwa heshima, akaniketisha, akaniambia Akiru ameolewa msimu uliopita. Mama mwenyewe hakutoka nyumbani. Niliyaacha yale majani pale chini, nikaondoka na mifugo yote. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Aliolewa huko huko Kalokol nilikokuwa nikimtafutia mali. Nilimwona mara moja, miaka mingi baadaye, akigeuza samaki juani, mtoto mgongoni. Aliniona. "Ejok, Erot," alisema. "Ejok-noi," nikaitika. Nilitaka kumwambia kiti cha kushoto bado nakifuta, ila maneno kama hayo huwezi kumwambia mke wa mtu sokoni, samaki wakinuka na watu wakipita. Nikapakia mzigo wangu.

Nilioa baadaye, usinifikirie vibaya. Mama wa watoto wangu alikuwa mwanamke mwema, Mungu amrehemu, na alijua yote. Aliwahi kuniambia, "Mimi niliolewa na nusu yako, Erot, na nusu hiyo inanitosha." Alikuwa na akili ambayo mimi sikuwa nayo. Nilimlilia kweli alipokufa. Na baada ya kumlilia, usiku na mchana, ile nusu nyingine ikaendelea kwenda Lopur kama kawaida yake.

Mwaka jana miguu yangu ilianza kuuma, nikajua nikichelewa tena itakuwa basi. Nikapanda gari la watu hadi Kakuma, na kutoka pale nikaenda Lopur kwa miguu, mikono mitupu. Nilipumzika mara nyingi njiani. Nilipoufikia ukingo wa laga nilisimama, maana palipokuwa na shimo palikuwa na kivuli. Mizizi ya upande wa pili haikukatika siku ile. Ilichipua, na mtu aliyazungushia machipukizi hayo boma la miiba mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa mti, si mkubwa kama ule wa zamani, lakini mti. Chini yake aliketi bibi kizee, macho yamefifia.

"Hodi, mama," nilisema. "Naomba ruhusa ya kukaa kwenye kivuli chako."

"Ni nani?"

"Ni Erot. Nimekuja kwa miguu."

"Umechelewa," alisema. "Ile asubuhi nilikupikia chai. Akiru alifagia hapa, akatandika ngozi. Tulikungoja mpaka jua ikafika juu, chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nilitaka kukwambia mchukue Akiru. Mchukue, na upande miche tatu mahali ya ule mmoja. Hiyo tu."

Hiyo tu, mwanangu. Miche mitatu. Mimi nilibeba ngamia na lori la majani kwenda kuvuta jambo lililohitaji miche mitatu na mtu wa kukaa chini. Nililia pale mbele yake bila haya, mzee mzima, naye akaniacha nilie. Nilipomaliza akasema, "Ukimaliza kulia, miche bado hujapanda." Basi nikaipanda. Niliizungushia miiba kwa mikono yangu, na kila mwezi naipelekea maji kwa hilo jerikeni ulilokalia. Miwili imeshika. Wa tatu nimeurudia mara mbili na bado nautunza.

Sasa chukua nambari yako, nisije nikakuchosha. Usipime gari lako likiwa tupu, maana hutakwama ukiwa mtupu. Lipime limejaa, tangi la mafuta hadi juu, maji, bidhaa, na jamaa watakaodandia hata ukiwakataza. Ukipata uzito huo, uongeze nusu yake. Hapo ndipo ilipo winchi yako, usishuke chini ya hapo, kwa sababu ndogo itaungua na kukuacha kwenye laga mawingu yakiwa milimani. Wala usipande sana juu ya hapo. Kubwa mno hulemea pua ya gari, hula betri, na ubaya wake mkubwa ni kwamba haikuambii ukikosea. Nguvu iliyoandikwa ubavuni mwa winchi ni ile ya waya ukiwa umebaki mizunguko michache kwenye ngoma yake ya kuzungushia, kwa hiyo uvute waya mrefu kabla ya kuiamini. Ukihitaji zaidi, tumia kapi. Utakwenda polepole lakini nguvu itakaribia kuwa mara mbili. Mwenda pole hajikwai. Na kabla ya yote hayo chukua sepeto, na upunguze upepo wa tairi. Mara nyingi shida itaisha hapo.

Mkanda wa mti nitakupa bure, kama Majok alivyonipa. Usiutupe nyuma ya kiti. Tafuta mwenye mti, umsalimu, umwambie shida yako, uangalie mizizi ya upande wa maji. Kama hakuna mti wa kufaa, zika tairi la akiba mchangani ufunge waya hapo. Hukuja duniani kung'oa wanaokushikilia.

La mwisho halihusu gari. Utamkosea mtu siku moja, mwanangu, hakuna asiyekosea. Siku hiyo utadhani unahitaji kitu kikubwa ndipo uweze kurudi. Usikitafute. Nenda na kile ulicho nacho, hata kama ni miguu na aibu tu, na uende kesho yake, chai ikiwa bado moto.

Nenda salama. Mvua ikutangulie malishoni, isikukute katikati ya laga. Mzigo wako ufike, na mikono yako iwe na kazi uzeeni. Kiti cha kushoto kipate mwenyewe, akipande kwa haki yake, naye asione vumbi. Na ukwame, ukikwama, mahali penye watu. Nao wakikuambia uje kesho kwa miguu, Mungu akupe miguu ya kwenda.